TUSIWAACHE WENYE SARATANI NJIANI

Tangu nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961, wananchi wamefundishwa kuwataja adui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa kawaida twawataja mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja ana uwanja wake wa vita. Lakini yako maradhi ambayo adui hao wote watatu huyapigania kwa pamoja, nayo ni saratani. Maradhi huanza mwilini. Ujinga huyaficha mpaka yakomae. Na umaskini humvizia mgonjwa barabarani, akiwa njiani kwenda kutibiwa.

Leo twapenda kusema juu ya ndugu zetu ambao saratani yao imekwisha enea. Daktari amewaambia kwamba haitaondoka yote, na pamoja na hayo wanaishi, wanalea watoto, wanasali, na wengine wanafanya kazi. Twawataja hasa watu wa Bagamoyo na wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, toka Kunduchi na Bunju, kupita Mapinga, Zinga na Kaole, mpaka Saadani. Walakini neno lenyewe ni la nchi nzima.

Neno hilo ni hili: mgonjwa asiyeweza kupona si mgonjwa asiyeweza kutibiwa. Maumivu yake yaweza kutulizwa. Maudhi ya dawa anazopewa yaweza kupunguzwa. Upweke wake waweza kuondolewa na majirani bila ya senti moja. Tukimwacha ateseke kwa jambo ambalo dawa yake inajulikana, hiyo si kudra ya Mwenyezi Mungu. Ni uzembe wetu wanadamu.

Kwanza yafaa tuache aibu. Wako watu wengi ambao bado huitaja saratani kwa kunong'ona, kana kwamba ni laana ya ukoo au malipo ya dhambi. Basi na wakumbuke kwamba watu watatu waliopata kuwa Wenyeviti wa Chama chetu walipatwa na maradhi haya. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, alifariki dunia kwa saratani ya damu katika hospitali ya St Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999. Mzee Ali Hassan Mwinyi alifariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, na taifa liliambiwa wazi kwamba alikuwa akitibiwa saratani ya mapafu. Naye Ndugu Jakaya Kikwete, mwana wa Msoga, mtu wa Bagamoyo hii hii tunayoisema, alipasuliwa saratani ya tezi dume huko Baltimore, Marekani, mwezi wa Novemba 2014, akiwa bado Rais, na wananchi wakaelezwa. Ugonjwa wake ulionekana mapema, na aliendelea na kazi. Ikiwa viongozi wa namna hiyo hawakuona haya jina la maradhi yao kutajwa mbele ya taifa zima, kwa nini mvuvi wa Dunda au mama wa Kiromo afichwe chumbani? Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Maradhi haya hayapiti kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala kitanda kimoja naye, wala kwa kumshika mkono.

Kwa sababu ya kuficha, wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mama hutokwa na damu isiyo ya kawaida kwa miezi mingi, asiseme. Mzee hushindwa kumeza ugali, kisha wali, kisha uji, akidhani ni kidonda cha koo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kwa wingi kuliko saratani nyingine zote. Habari njema ni kwamba wasichana wamekuwa wakichanjwa nchini kote tangu mwaka 2018, na twamsihi kila mzazi asimzuie binti yake. Lakini chanjo ya binti haimtibu mama aliyekwisha ugua, na ni juu ya mama huyo tunaposema leo.

Mama huyo hupelekwa Ocean Road. Jumba lile la ufukweni lilifunguliwa mwaka 1897, wakati wa Wadachi, likapata kuwa hospitali ya namna nyingi, na mwaka 1996 likawa taasisi ya saratani kwa sheria ya Bunge. Mwaka 2018 zilifungwa pale mashine mpya za mionzi, na kwa hilo Serikali yastahili sifa. Lakini na tupige hesabu ya njia. Tiba ya mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hutolewa siku 5 za juma, kwa majuma 5 hivi. Yaani safari 25. Toka Bagamoyo mpaka Ocean Road ni kiasi cha kilometa 70. Kwenda na kurudi ni 140. Mama akiamua kwenda na kurudi nyumbani kila siku, atasafiri kilometa 3,500 kabla hajamaliza dawa. Ni kama mtu aliyetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, akarudi, kisha akaenda tena. Naye akiwa anaharisha, ana kichefuchefu, na amesimama katika basi lililojaa mpaka Makumbusho, kisha apande jingine mpaka mjini. Huyo ni mtu wa Bagamoyo mjini. Mtu wa Saadani, ng'ambo ya Wami, hawezi hata kulijaribu jambo hilo. Hata pale ambapo tiba imesamehewa malipo, nauli haisamehewi, wala mahali pa kulala, wala chakula cha yule anayemsindikiza.

Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Nasi twasikia watu wakisema, "Ameikimbia dawa," kana kwamba ni mkaidi. Twakataa lawama hiyo. Mara nyingi aliyekimbia dawa ni mtu ambaye hakuna aliyemweleza kwamba dawa itamfanya nini. Alikwenda akitazamia kupata nafuu. Badala yake akatapika siku tatu, nywele zikadondoka, mdomo ukajaa vidonda. Jirani akamwambia, "Dawa ndiyo inayokuua." Naye akaamini, kwa maana alichokiona kilifanana na maneno ya jirani kuliko maneno ya daktari.

Basi na waelezwe. Dawa za saratani ziingizwazo mshipani huwinda chembe zinazozaliana upesi. Saratani ni chembe za namna hiyo; lakini na mzizi wa nywele ni hivyo, na ngozi ya ndani ya mdomo, na ya tumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu hayo huumizwa pamoja na adui, kama shamba linavyoumia kidogo palizi inapopita. Nywele huota tena dawa ikiisha. Iko dawa moja nyekundu ambayo huugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Si damu, ni rangi ya dawa tu, lakini asiyeambiwa hupata hofu kubwa. Mionzi nayo huchosha, huharisha ikipigwa tumboni, na huichoma ngozi pale inapopita. Lakini mtu aliyepigwa mionzi ya mashine habaki na mionzi mwilini, na mtoto wake aweza kumkumbatia jioni ile ile.

Twaona yafaa kila mgonjwa na kila anayemwuguza ajue kuyagawanya maudhi hayo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni ya kuvumilia: kunyonyoka nywele, uchovu, ladha ya chakula kugeuka mdomoni. Haya yataka subira, na kanga ya kujifunga kichwani, na watu wa nyumbani wasiocheka.

Fungu la pili ni ya kutibiwa, na hapa ndipo penye dhuluma kubwa, kwa maana wagonjwa wengi hudhani nayo ni ya kuvumilia. Kichefuchefu kina dawa zake, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikitolewa kabla ya kutapika kuanza. Kuharisha kuna dawa, na yale maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati. Vidonda vya mdomo hupunguzwa kwa kusukutua mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo. Ganzi ya vidole na nyayo, inayoletwa na baadhi ya dawa hizi, ni lazima iambiwe daktari mapema, kwa kuwa aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Jambo hili la ganzi si dogo kwa watu wa pwani. Mama mkulima wa mwani wa Mlingotini asiyehisi nyayo zake aweza kukanyaga kichokoo au kome asijue, mpaka aone damu majini. Mfanyakazi wa mashamba ya chumvi aliyechomwa ngozi na mionzi hawezi kurudi kwenye jua na maji ya chumvi juma lile lile. Haya yanahitaji kuulizwa: "Ndugu, kazi yako ni ipi?" Mganga asiyeuliza swali hilo ametibu nusu ya mtu.

Fungu la tatu ni ya kukimbilia hospitali usiku ule ule, bila kungoja asubuhi. Kubwa kati ya hayo ni homa baada ya kupigwa dawa ya mshipani. Homa hiyo si malaria ya kununulia vidonge dukani. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zimepungua, na ugonjwa mdogo waweza kuua kwa siku moja. Damu isiyokatika na kushindwa kupumua ni hali kadhalika. Lau kila nyumba yenye mgonjwa ingelijua jambo hili moja tu la homa, twaamini watu wangeokoka.

Liko pia jambo ambalo magazeti huona haya kulisema, nasi tutalisema kwa heshima. Mionzi ya mlango wa kizazi huweza kuleta ukavu na kubana, hata unyumba ukawa na maumivu. Mume asiyeambiwa hudhani amekataliwa. Wako wanawake walioachwa kwa sababu hiyo, nao wakiwa katika siku ambazo walihitaji mume kuliko wakati wote. Hospitali na ziwaite waume, ziwaeleze. Zipo njia za kusaidia. Na waume wenye imani, wawe wa msikitini au wa kanisani, wakumbuke kiapo walichokula.

Juu ya chakula, twajua methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya huruma, maana yake ni kwamba mgonjwa apewe bila kungoja aombe. Walakini mwenye saratani yafaa aulizwe. Harufu ya samaki aliyekuwa akimpenda mwezi uliopita yaweza leo kumtapisha. Kumlazimisha sahani nzima ni kumtesa. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi, na kile anachokitaka yeye: uji wa leo, ndizi ya kuponda, yai, mtindi, dafu.

Wengine huuliza juu ya dawa za miti shamba. Sisi hatuzidharau. Lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, linaloota mbele ya nyumba nyingi za pwani, asili yake ni Bukini. Na ni katika ua hilo wataalamu wa Kanada na wa Marekani, kuanzia miaka ya 1950, walipata dawa za saratani zinazotumika duniani mpaka leo, moja yao ikiitwa vinkristini. Lakini ua hilo lina sumu, na ilibidi lipimwe na kuchujwa kwa miaka mingi, hata kipimo kijulikane. Atakayelichemsha jikoni atajidhuru. Mganga wa kienyeji mwenye nia njema hatamwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Na mgonjwa anayetumia dawa za mganga asimfiche daktari, kwa kuwa dawa mbili zaweza kugombana mwilini.

Sasa tuje kwenye maumivu. Saratani iliyoenea mifupani huleta uchungu ambao vidonge vya kawaida havifui dafu mbele yake. Dawa yake inajulikana, nayo ni mofini. Huchanganywa unga wake na maji, mgonjwa akanywa nyumbani kila baada ya saa nne, bila sindano. Haina hataza ya mtu, wala si ghali. Shirika la Afya la Dunia limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Hufunga choo, kwa hiyo mgonjwa apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Wako wanaoiogopa wakidhani itamfanya mgonjwa mlevi, au kwamba ni ishara ya kifo. Ikitolewa kwa kipimo na kwa uangalizi, haimwui mgonjwa. Humwezesha kulala usiku, na asubuhi kuzungumza na watoto wake. Wengine waliokuwa wamelala kitandani kwa uchungu huinuka, wakarudi barazani.

Ni kweli kwamba dawa hii hulindwa na sheria, na ni haki ilindwe, maana ndugu yake ni heroini, na pwani yetu imekwisha kuona vijana walivyoharibiwa na heroini. Lakini ulinzi usiwe kufuli lisilo na ufunguo. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na hofu hiyo hiyo. Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya wagonjwa wa namna hii huko Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi ile iliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa maalumu kuandika mofini, ili dawa ifike vijijini ambako daktari hafiki. Nasi twaiomba Serikali yetu ipime njia hiyo, na ihakikishe kwamba mofini ya maji haikosekani katika hospitali ya wilaya ya Bagamoyo, wala katika hospitali yo yote ya wilaya. Mtu asipande mabasi mawili kwa ajili ya chupa moja ya dawa.

Yuko atakayesema, "Fedha ni chache. Kwa nini tuzitumie kwa mtu asiyepona, na hali watoto wanakufa kwa malaria?" Swali hili si la kijinga, na lastahili jibu. Jibu la kwanza ni kwamba dawa tunazozidai, ya maumivu, ya kutapika, ya kulainisha choo, ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Aghali zaidi ni uchungu usiotulizwa, unaoiuzisha familia mashua, shamba na bati la nyumba wakihangaika toka mganga hata mganga. Jibu la pili ni kwamba nchi iliyojitangazia usawa wa binadamu haiupimi utu wa mtu kwa idadi ya miaka aliyobakiza. Mama mwenye mwaka mmoja wa kuishi aweza katika mwaka huo kumwoza binti yake, kugawanya mali yake kwa haki, na kumalizana na wadeni wake. Huo ni mwaka mzima wa mwananchi, na si mabaki.

Kwa wafanyakazi tuna neno maalumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Hiyo ni haki, si fadhili ya bwana mkubwa. Vyama vya wafanyakazi vihakikishe kwamba kila mwanachama aijua. Na mwajiri afahamu kwamba mtu aliye katika dawa aweza kufaa sana kazini akipewa kazi nyepesi na saa zinazopatana na siku zake za hospitali. Aidha, Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Twataka katika utekelezaji wake dawa za maumivu na za maudhi zihesabiwe kuwa sehemu ya tiba ya saratani, na si kitu cha kuongezea fedha zikibaki.

Mwisho twawageukia wanachama. Kazi ya balozi wa shina si kuhesabu kadi tu. Katika kila shina na ajulikane ni nyumba ipi yenye mgonjwa wa namna hii, kwa ridhaa yake mwenyewe. Tawi lipange zamu: huyu amsindikize Jumatatu, yule Jumatano; huyu achote maji, yule apike; vijana wenye pikipiki wajue ni nani wa kumpeleka hospitali homa ikipanda usiku. Mchango wa nauli uanze mgonjwa angali hai. Sisi watu wa pwani ni hodari sana wa kuchangia sanda na pilau ya matanga. Nusu ya fedha hizo, zikitolewa mapema, zingemfikisha mgonjwa Ocean Road mara nyingi.

Bagamoyo ni mji uliojua mizigo kuliko miji mingi ya Afrika. Humo wapagazi walitua shehena waliyoibeba toka bara kwa miezi mingi, na hakuna aliyeibeba peke yake. Mzigo wa saratani nao ni wa msafara. Serikali ibebe kichwa chake, hospitali ibebe chake, mwajiri chake, tawi lake chake. Mgonjwa abaki na ule ambao hakuna awezaye kumpokea. Huo pekee wamtosha.